Nilimpa mdogo wangu figo, leo wifi ananivalisha barakoa mlangoni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Tanga. Mdogo wangu wa kiume anakaa Dar es Salaam na mkewe. Figo zake zote mbili zilikufa, akawa anasafishwa damu kwa mwaka mmoja na nusu. Wifi alikwepa kutoa, eti damu yake ni B na mumewe ni O. Nikajitolea mimi. Tulifanyiwa upasuaji Muhimbili miezi minne iliyopita.*

*Tangu nipone nimekwenda kumwona mara tano. Mara ya mwisho nilifika na wenzangu watatu wa vikoba. Wifi akatusimamisha mlangoni, akatunawisha, akatupa barakoa kama tuna kipindupindu. Nilikuwa na kikohozi kidogo tu. Kapu la mabalungi nililobeba toka Muheza akampa jirani. Nilipomwambia mdogo wangu afunue shati niiguse figo yangu, wifi akasema, "Basi, wifi." Saa mbili usiku simu yake ikalia, akamwita mumewe chumbani, wakatuacha sebuleni. Mdogo wangu amenawiri, uso umejaa, na mimi huku mgongo unaniuma nashindia diklofenaki. Nimemwomba milioni tatu tu za bati, wifi akajibu tusubiri kwanza. Mume wangu naye hataki niende tena, anasema namwaibisha. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Nifanyeje?*

*Mtoaji, Tanga*

Marahaba, Mtoaji. Pole kwa kisu, na hongera. Kuna watu wana ndugu kumi na hakuna hata mmoja wa kumpa nauli ya kwenda hospitali, sembuse kiungo. Pole hii itunze vizuri maana sina nyingine.

Barua yako ilikuwa na kurasa tatu, hapo juu nimeikata. Nimeisoma yote nikiwa na kalamu mkononi. "Figo yangu" umeiandika mara kumi na moja. Mahali ulipomuuliza mdogo wako anaendeleaje nimepatafuta, sijapaona.

Tuanze na wifi, maana ndiye uliyemleta mahakamani. Unasema alikwepa kutoa. Hapo hapo unanitajia kundi lake la damu. Mwanangu, kundi la damu la wifi yako umelijuaje? Halijaandikwa pajini. Alipimwa! Mwenye damu ya O kwa kawaida hupokea kwa O mwenzake, na wa B hawezi kumpa. Yule mwanamke alikwenda kunyoosha mkono achomwe sindano, akaambiwa haiwezekani, akarudi nyumbani na mume anayekufa. Wewe hiyo unaiita kukwepa.

Halafu huo mwaka mmoja na nusu umeupita kwa sentensi moja. Kusafishwa damu ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya safari mia mbili. Nani alikuwa anakaa kwenye benchi akimngoja? Nani alikuwa anampimia maji ya kunywa kwa kikombe, kwa sababu mgonjwa yule akinywa kupita kiasi maji yanajaa mapafuni? Hukuandika. Nadhani unajua jibu.

Sasa ziara yako. Mwili wa mdogo wako haujui kwamba wewe ni dada yake. Unaiona ile figo kama mwizi aliyeruka ukuta, unataka kumfukuza. Ndiyo maana anakunywa dawa za kushusha kinga, na atazinywa maisha yake yote. Miezi hii ya mwanzo ndiyo dozi zake ziko juu. Kwa maneno mengine, askari wote wa mwili wake wamelazwa kwa makusudi ili figo yako isipigwe. Katika hali hiyo unaingia na kikohozi "kidogo tu" na wageni watatu waliotoka kubanana kwenye basi toka Tanga. Kikohozi chako kikihamia kwake kinaweza kuwa nimonia. Ningekuwa mimi wifi yako, barakoa mngevalia barabarani.

Na ile simu ya saa mbili usiku! Wewe uliona mke anamwita mume chumbani kuwakomesha wageni. Mimi nikaangalia saa. Dawa kuu ya watu waliopandikizwa figo, takrolimasi, kwa wengi wao hunywewa kila baada ya saa kumi na mbili, saa zile zile, asubuhi na usiku. Akisahausahau, mwili unaamka na kuanza kuila figo. Simu ile inailinda zawadi uliyotoa wewe, nawe umeinunia.

Mabalungi yalinichekesha, kisha yakaniogopesha. Balungi huuzuia mwili kuivunja ile takrolimasi, dawa ikajaa kwenye damu, na ikizidi huiumiza figo yenyewe. Wanaopandikizwa huonywa mapema wasiliguse. Hukujua, sawa. Lakini fikiria ingekuwaje kama wifi angekuonea haya akamkamulia mumewe jagi zima. Kosa lake moja nalikubali, hakukueleza. Ila mbele ya wajumbe watatu wa vikoba angeanzia wapi?

Kuhusu kufunua shati, hivi uliambiwa waliiweka wapi? Figo ya kupandikizwa haikai mgongoni zilipo zile za kuzaliwa nazo, ambazo kwa kawaida huachwa hapo hapo. Huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Kwa hiyo ulikuwa unamwambia mwanamume mwenye mke ashushe suruali sebuleni mbele ya wanawake watatu wa watu. Wifi alisema "Basi, wifi." Mimi ningesema zaidi.

Na uso wake haukujaa kwa raha. Ni prednisoloni, mojawapo ya dawa zile za kushusha kinga, huvimbisha mashavu.

Haya, milioni tatu. Barua nzima ilikuwa inaelekea huko, umeipitisha kwenye barakoa na mabalungi kwanza. Kabla ya upasuaji uliulizwa, tena ukiwa peke yako, kama kuna mtu anakulazimisha au amekuahidi malipo. Bila shaka ulijibu hakuna, vinginevyo wasingekupasua. Bei imekuja baada ya kidonda kupona. Na umemwomba nani? Mtu aliyekuwa anashinda kwenye mashine siku tatu za wiki, sasa ana dawa za kununua kila mwezi. Wifi hakukataa, alisema msubiri. Kwa Kiswahili cha kwetu unachokifanya kinaitwa kusimanga, na anayesimangwa kwa ugali ana nafuu, maana ugali unaweza kuulipa kesho. Figo atailipaje? Kila ukiingia mlangoni, deni linaingia na wewe.

Vijana wa siku hizi wananiandikia kila wiki kwamba ndoa zimewashinda. Sababu zao nazijua kwa moyo: hajibu meseji, hapiki, ananuna. Sherehe wanafanya ya kuchangisha ukoo mzima, sare mpaka watoto wachanga, halafu mmoja akilazwa wiki mbili mwenzake anakumbuka kwao. Na mawifi ndio tunaosukuma. Kaka akioa anayemtoroka tunalia, akioa anayemlinda tunasema amewekwa kiganjani. Wewe umepata wifi aliyebaki, unataka awe na nini tena, mabawa?

Kazi yako ni ya heshima kubwa, wala siidharau. Wa kwanza kuifanya ikafanikiwa alikuwa Ronald Herrick wa Marekani, alipompa figo pacha wake Richard huko Boston tarehe 23 Desemba 1954. Richard akaongezewa miaka minane, akaoa muuguzi aliyekutana naye hospitali, akapata watoto. Na Ronald, mwenye figo moja, akafundisha hesabu na kulima, akaishi mpaka miaka 79. Huku kwetu, kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza Novemba 2017, familia kama yenu ilikuwa inauza kiwanja iende India.

Mwenye kovu usidhani kapoa, nalijua hilo. Wageni wote wodini walikwenda kwenye kitanda cha mdogo wako. Wewe, uliyeingia mzima ukatoka na uchungu, uliambiwa "shujaa" mara moja, watu wakageuka. Kisha ukarudi nyumbani ambako huruhusiwi kuinua kitu kizito wiki kadhaa. Ndoo za maji alibeba nani, Mtoaji? Huyo mume anayekwambia usiende tena, sivyo? Naye umemtaja kwa ubaya tu. Nahisi unakwenda Dar kutafuta mtu wa kukuuliza, "Na wewe je, unaumwa wapi?" Hilo una haki ya kuliomba. Liombe hivyo hivyo, kwa mdomo wako, usilifunge kwenye bati.

Na hiyo diklofenaki itupe leo! Una figo moja, unanunua dukani dawa inayojulikana kwa kuumiza figo? Rudi kliniki uliyopangiwa, wapime presha, mkojo na kriatinini, ule uchafu wa damuni unaoonyesha figo inavyofanya kazi, na kipimo hicho kiwe kila mwaka maisha yako yote. Mgongo waeleze wao, wakupe dawa inayokufaa. Hata usiponiambia najua hujarudi, maana mtu aliyerudi angeshakatazwa hiyo dawa.

Kikohozi kikiisha kabisa, mpigie wifi simu. Yeye, si mdogo wako. Mwambie hukujua habari ya mabalungi, muulize siku gani inafaa. Nenda peke yako, nawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa, kaa saa moja. Simu ya saa mbili ikilia, wewe ndiye uinuke ukalete glasi ya maji.