Kahawa ya Barazani kwa Mtu wa Bara Anayeishi Unguja

Msomaji mmoja wa Makambako, aliyepata kazi katika hoteli moja ya Unguja, ameniandikia kuniuliza mtu aishi vipi kisiwani bila kujiona mgeni kila siku, kwa kuwa yeye akitoka kazini hujifungia chumbani na simu yake. Jibu langu ni fupi: aende akanywe kahawa barazani. Maelezo yake ndiyo marefu.

Mimi ni mtoto wa Mbozi. Nyumbani kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba na nguo za Krismasi. Tulichuma matunda mekundu, tukayamenya kwa mashine ya mkono, tukaziloweka na kuziosha punje hadi utelezi ukaisha, kisha tukazianika juu ya vichanja na kukimbilia kuzifunika kila wingu lilipotanda. Baada ya kazi yote hiyo tulikunywa chai ya maziwa, kwa sababu kahawa ilikuwa ya kuuza. Nyumba nyingi za wakulima ninazozijua, kuanzia Vwawa hadi Tukuyu, zinaishi hivyo hadi leo, na jambo hilo linaniuma.

Nilipohamia Unguja kufanya kazi ya stoo hotelini, nilikuta wageni wakipewa kahawa ya kopo kutoka nje ya nchi. Nilimshauri msimamizi wangu tuagize kahawa ya Mbozi. Alinijibu mbele ya wenzangu kwamba niliajiriwa kuhesabu magunia, si kufundisha watu vinywaji. Maneno hayo sijayasahau, ingawa siku hizi ninaishi Mbeya mjini na watu huja kwangu kuniuliza habari za kahawa.

Aliyenitoa katika unyonge ule ni mzee jirani yangu, aliyenichukua baada ya sala ya alasiri hadi barazani kwao. Muuzaji alikuwa na dele, yaani birika la kahawa, juu ya jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, na vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo alivigonganisha vidoleni ili watu wamsikie. Kahawa ilikuwa chungu na ya moto sana, nayo haikutiwa sukari. Utamu ulitoka kwenye kashata ya karanga. Waliponiuliza kwetu ni wapi, nikataja Mbozi, mazungumzo ya mpira yakakatika. Wazee waliokunywa kahawa tangu utoto walitaka kujua mbuni unafananaje, nami nikawaeleza kwamba mvua zikinyesha hutoa maua meupe yanayonukia kama asumini. Tangu jioni ile nilikuwa na nafasi yangu pale.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Makambako, chagua baraza moja na urudi palepale. Fika alasiri au baada ya isha, toa salamu kwa wote kabla ya kuketi, waamkie wazee, na simu iache mfukoni. Mwezi wa Ramadhani usitafute kahawa mchana. Subiri usiku, ambapo mabaraza huchangamka kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa Mji Mkongwe, pita Jaws Corner uone wazee wanavyokunywa na kucheza dhumna, lakini kisha rudi kwenye baraza la mtaani kwako, kwa maana huko ndiko waliko watakaokuulizia ukiugua. Dada zetu wajue kwamba mabaraza mengi ya njiani ni ya wanaume. Mimi dada yangu aliponitembelea nilimpeleka Zanzibar Coffee House, nyumba iliyokuwa ikiuza kahawa ya Utengule, hapa kwetu karibu na Mbalizi. Alifurahi mno kukuta kahawa ya Mbeya inaheshimiwa ng'ambo ya bahari.

Vijana wa Nyanda za Juu Kusini, msikubali kuifahamu kahawa kwenye mzani wa kuuzia peke yake. Mtu anayetoka katika nchi ya mibuni anapaswa kuionja, kuitambua na kuisemea popote alipo, hata akidharauliwa.

Ukija likizo, nunua kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, lakini chukua punje, usichukue unga, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi. Ifunge vizuri isipate unyevu wa pwani, nawe ukifika mkabidhi muuzaji wa barazani kwako aitwange na kuipika kwa namna yake, wazee wote wakiwapo.