Mdogo Wangu, Kabla Hujaanza Kazi Kambini Serengeti

Juzi kijana mmoja wa kwetu Mugumu alinipigia simu kwa furaha. Amepata kazi ya vyumba kwenye kambi ya kifahari ndani ya Serengeti, anaripoti mwezi ujao, na alitaka kujua aanze kujifunza nini. Nilikuwa zamu, nikamjibu haraka haraka: Kiingereza na kutandika kitanda. Tangu siku ile jibu langu linanisumbua, maana hayo mawili atafundishwa na wenzake ndani ya wiki mbili. Nilipaswa kumwambia ajifunze kumkatalia mgeni. Amkatalie kwa adabu, bila kuyumba, hata kama mgeni huyo analipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja na kijana mwenyewe hajawahi kuzishika pesa hizo kwa pamoja maishani mwake.

Nina miaka 11 kwenye hizi kambi. Nilianzia dobi, nikaingia vyumbani, sasa nasimamia vyumba vyote. Chuoni tulifundishwa kwamba mgeni ni mfalme, nikaingia nalo porini kama lilivyo. Wiki yangu ya pili, bibi mmoja wa Kizungu alimaliza chakula cha usiku akaniambia angependa kurudi hemani kwake peke yake, atembee taratibu atazame nyota. Nikatabasamu, nikamwambia karibu. Hema lake lilikuwa kama hatua mia kutoka tulipokuwa. Askari wetu wa usiku, mtu mzima tuliyemwita Babu, alikuwa amewasindikiza wageni wengine upande wa pili. Aliporudi akauliza, "Bibi wa namba sita yuko wapi?" Nikasema ametangulia. Hakunijibu neno. Alichukua tochi na redio akaondoka.

Walikuwepo nyati watatu, madume wazee, wale wanaojitenga na kundi na kubaki wawili watatu na hasira zao. Wamelala katikati ya njia. Bibi alikuwa amesimama kama hatua kumi na tano kutoka kwao, hajui arudi au asonge. Babu hakupiga kelele. Alimfikia kwa nyuma, akamshika mkono, wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye taa. Yule bibi aliponiona alinikumbatia. Mikono yake ilikuwa ya baridi na alikuwa ananishukuru. Mimi niliyemruhusu aondoke, ndimi anayenishukuru! Sikulala usiku ule, na mpaka leo mgeni akiniambia "ni hapa tu karibu" naikumbuka ile mikono.

Kwa hiyo, mdogo wangu, elewa mahali unapokwenda. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 na haina uzio, na kambi nyingi za mahema zilizomo ndani yake nazo hazina uzio. Mnyama hajavamia kambi. Anapita kwake. Nyasi fupi za kuzunguka mahema zinamvuta swala, swala anamvuta chui, maji ya bomba linalovuja yanamvuta tembo. Ukiliona hivyo hutamwambia mgeni "usiogope, hawafiki hapa." Wanafika. Mwambie ukweli kwa sauti ya utulivu: giza likiingia hatutembei bila askari, ukihitaji chochote puliza filimbi iliyo kando ya kitanda au tumia redio, nasi tutakuja. Nimeona wageni wengi wakipumua wanapoambiwa ukweli. Kinachowatisha ni mhudumu anayebabaika.

Hapana ina namna yake, na mara nyingi neno lenyewe hulitamki. Anza na kile anachoweza kukipata. Chukua jambo dogo kama mashine ya kukaushia nywele. Mahema yetu yanatumia umeme wa sola, na mashine moja ya nywele inaweza kuvuta zaidi ya wati 1,000. Mgeni akiichomeka hemani, taa za upande mzima zinazimika. Mhudumu mpya husema "haiwezekani" na kuondoka, au anaogopa, anasema "sawa", halafu fundi anahangaika usiku. Sema hivi: "Mama, jenereta inawashwa saa kumi na mbili jioni. Nikuwekee kiti na kioo pale mapokezi ukaushie kwa nafasi?" Hakuna aliyewahi kuninunia kwa jibu hilo.

Maji ni vilevile. Kambi za kuhamahama, zile zinazofuata nyumbu, hupata maji kwa boza, na shawa ni ndoo ya kama lita 20 inayopandishwa kwa kamba nyuma ya hema. Mweleze mgeni mapema: ajimwagie, afunge, ajipake sabuni, afungue tena. Ukimweleza akiwa tayari na povu kichwani umechelewa.

Kuna vitu ambavyo usisubiri kuulizwa. Zipu za hema zifungwe muda wote, na pale zinapokutana pawekwe kibanio, kwa kuwa tumbili na nyani huangalia mikono yetu na kujifunza. Matunda hayakai hemani hata kama mgeni anayapenda. Tembo ana pua, turubai si ukuta. Viatu vya ngozi visiachwe barazani usiku, fisi huondoka navyo na kuvitafuna. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta ndorobo, kwa hiyo ukimwona mgeni amejipanga kwenda upande wenye miti mingi akiwa na suruali ya jinzi, mshauri abadili kabla hajapanda gari. Ndorobo anauma hata juu ya nguo na mgeni atakumbuka kwamba ulimwona ukanyamaza. Na stoo ya chakula ifungwe kwa komeo la chuma. Nyegere hana dogo, nimekuta mlango wa mbao umetobolewa.

Hapana iliyo ngumu kuliko zote ni ya madereva wetu, lakini na wewe wa vyumbani utaisikia, kwa sababu mgeni akikataliwa porini huja kulalamika kwako jioni huku unamkunjulia chandarua. Atakuambia: "Afrika Kusini tulitoka barabarani tukamfuata chui mpaka chini ya mti. Hapa kwa nini dereva amekataa?" Lazima ujue jibu. Kule Sabi Sand, kando ya Kruger, ni mapori ya watu binafsi na wenyewe wana taratibu zao. Hapa tuko ndani ya hifadhi ya taifa, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na gari haliachi barabara. Askari wa hifadhi wakilikuta nje ya barabara, anayebeba mzigo ni dereva, na mgeni keshapanda ndege. Hata huku kwetu, ukitoka nje ya mpaka wa hifadhi upande wa magharibi, kwenye mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, au kwenye eneo la jumuiya ya Ikona linalosimamiwa na vijiji, utaratibu wa kutembea kwa miguu na wa kutoka usiku si sawa na wa ndani ya hifadhi. Jifunze tofauti hizi wiki yako ya kwanza. Mhudumu anayeweza kuzieleza kwa sentensi mbili amemlinda dereva, na wakati mwingine ameokoa kazi ya mwenzake.

Halafu kuna nyumbu. Utaulizwa kila siku, asubuhi na jioni, watavuka lini. Jua mzunguko wao: wanazaa kusini huku Ndutu, wengi mwezi wa pili, mwezi wa tano na wa sita wengi wako magharibi kuelekea mto Grumeti, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi wanahangaika na mto Mara kaskazini, huko Kogatende, mvua za vuli zikianza wanarudi kusini. Ni zaidi ya milioni moja na wanafuata mvua, kalenda ya mapokezi hawaijui. Mwenzetu mmoja aliwahi kuwaambia wageni, kwa moyo mzuri kabisa, "kesho watavuka." Walikaa ukingoni siku tatu. Siku ya tatu kundi lilishuka mpaka majini, pundamilia mmoja akashtuka, wote wakageuka wakapotelea kwenye vumbi. Mama mmoja wa kundi lile alilia. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo. Sema: "Jana walikuwa kwenye ukingo wa upande huu. Leo dereva atawapeleka mapema mkasubiri." Hayo yote ni kweli na yanatosha.

Si kila siku ni ya kukatalia watu, na kuna raha nyingine sijaipata kwingine kokote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri unapeleka chai hemani. Hema halina mlango wa kugonga, unasimama nje unaita hodi, polepole, mara ya pili kwa sauti zaidi kidogo, mpaka usikie "karibu" iliyojaa usingizi. Wageni wengi huja wanajua "jambo" na "hakuna matata". Usiwacheke, ndiyo Kiswahili walichofundishwa. Wape kingine. Mimi huwafundisha shikamoo na kuwaeleza kwamba ni ya kumwamkia aliyekuzidi umri. Msichana mmoja kutoka Ufaransa aliishika vizuri, na Babu alipokuja kumchukua usiku akamwamkia shikamoo. Babu alisimama, akajibu marahaba, kisha akakaa kimya njia nzima. Kesho yake aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyowasindikiza wageni hakuwahi kuamkiwa. Fundisha shikamoo, mdogo wangu. Haina gharama.

Sasa nikuambie ya kwetu sisi kwa sisi, na hili naomba ulisome mara mbili. Usimpelekee mgeni shida zako. Utakutana na watu wema sana, watakuuliza habari za nyumbani, na utakuwa na mdogo wako anayedaiwa ada, na mdomo utawasha. Jibu alichouliza, mweleze kijiji chako, familia yako, basi. Ukianza kuomba, kila tabasamu la wenzako wote litaonekana lina bei. Tipu ina sanduku lake pale mapokezi na hugawanywa kwa wote, hata dobi na mpishi ambao mgeni hajawaona uso. Akikuwekea pesa mkononi, fuata utaratibu wa kambi yako. Mimi nilitoka dobi, najua maana ya kugawiwa tipu waliyoipata wale wanaoonekana na mgeni.

Mkataba uwe wa maandishi na uusome kabla ya kupanda gari. Uliza mapema kuhusu mwezi wa nne na wa tano. Masika yakikaza, magari yanakwama kwenye udongo mweusi na kambi nyingi hufunga. Je, utalipwa mshahara kamili, nusu, au mkataba unakatika? Usione haya kuuliza. Na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, yako na ya mwajiri kwa pamoja, kwa hiyo kagua mwenyewe kama inafika. Kambi yangu ya kwanza ilikuwa inanikata kila mwezi na miezi kadhaa haikupeleka kitu. Niligundua nilipokuwa mjamzito nikifuatilia mafao ya uzazi, wakati ambao sikuwa na nguvu za kugombana na mtu. Mwaka 2020 wageni walipokatika ghafla, waliokuwa na akiba kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ndio waliotukopesha sisi wengine. Porini hununui kitu wiki sita mfululizo, pesa inakaa. Iache ikae.

Njoo na koti zito. Watu wa mjini hudhani porini ni joto, halafu mwezi wa saba alfajiri wanatetemeka na sinia la chai mkononi. Njoo na tochi yako na betri za akiba, saa ya mkononi, na viatu vya kufunika vidole. Simu itashika mtandao sehemu moja tu, kwa kawaida juu ya kichuguu nyuma ya jikoni. Waage wazazi wako vizuri na uwaambie watakusikia kwa zamu.

Usiku wa kwanza utalala kota za wafanyakazi, nazo hazina uzio kama ilivyo kwa wageni. Utaamka gizani kwenda kuchukua chai jikoni. Jiko utaliona, taa yake inawaka, ni hatua hamsini. Mpishi atakuita kwenye redio mara mbili, mara ya tatu kwa ukali. Askari atakuwa anamaliza upande wa wageni na hajafika. Bonyeza redio umwambie mpishi, "Shikamoo mpishi, namsubiri askari." Halafu kaa ndani, zipu imefungwa, mpaka uone tochi yake.