Rauta inapoteza pakiti, ping inapaa: maswali yenu ya wiki hii

Spidi nikipima napata Mbps 20 safi kabisa lakini kila nikiingia Zoom sauti inakatakata. Nihame kampuni?

Usihame kwanza, dada. Spidi ni kitu kimoja, pakiti (vipande vidogo vya data) kufika zote tena kwa wakati ni kitu kingine, na Zoom inaumia kwa hicho cha pili. Tumia ping, amri inayotuma pakiti na kupima muda wa kwenda na kurudi: fungua CMD mbili (dirisha la kuandika amri) kwenye laptopu ya Windows, moja andika ping -n 100 192.168.1.1, hiyo ndo anwani ya rauta nyingi, kama yako ni tofauti andika ipconfig utaiona pale kwenye Default Gateway, ya pili andika ping -n 100 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google huko nje, alafu ziache zikimbie pamoja muda uleule ambao huwa inakusumbua, sio usiku wa manane mtaa mzima umelala. Zikiisha soma pale kwenye Lost, yaani zilizopotea. Kama zinapotea kuelekea rauta, shida iko humo ndani kwako, ni waifai au waya, na kampuni hata uipigie mara ngapi haina cha kukusaidia. Kama rauta inajibu zote kwa milisekunde 1 au 2 ila za 8.8.8.8 zinapotea, hapo piga picha ya skrini uwatumie, maana ukimwambia fundi "neti iko slo" hujampa pa kuanzia. Na usiandike ping tupu, Windows inatuma pakiti 4 tu, hazitoshi kukuambia lolote.

Nikiwa chumbani ping ya rauta yenyewe inaruka toka milisekunde 3 mpaka 400. Imekufa?

Mara nyingi haijafa. Chomeka waya upime tena, ikitulia ujue ni waifai. Kwenye 2.4GHz (mojawapo ya masafa ya waifai) chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo ukijiwekea 3 ukidhani umewakwepa majirani, umegongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Hamia 5GHz kama uko karibu na rauta, ila kuta za tofali inazichukia.

Mwanangu akianza kupandisha video YouTube, gemu langu linaganda hadi amalize. Ninunue bando kubwa zaidi?

Hapana kaka, na hili linaniuma kwa sababu watu wanamaliza hela bure. Kifaa chako kinapanga pakiti kwenye foleni ndefu badala ya kuzidondosha mapema, sasa kapakiti kadogo ka gemu kanakaa nyuma ya mzigo wa video kama bodaboda aliyebanwa nyuma ya malori. Jim Gettys, mtaalamu wa programu, alianza kulipigia kelele tatizo hili 2010, linaitwa bufferbloat, na dawa yake ipo, tena bure. Tafuta SQM (mpangilio wa kusimamia foleni) kwenye rauta yako, rauta zenye OpenWrt (mfumo huria wa rauta) unaiweka kama kifurushi, chagua cake au fq_codel, ambazo ni njia za kupanga foleni, kisha andika spidi pungufu kidogo ya ile unayopata kweli: kama kupandisha unapata Mbps 10, weka 9. Hapo foleni inakaa ndani ya rauta yako unayoiongoza wewe. Ukiwa na 4G spidi inapanda na kushuka, basi weka ile ya jioni, ya chini.

Tracert (amri ya kuonyesha rauta ambazo pakiti inapitia) inaonyesha hatua ya 4 ni nyota tupu. Si ndo hapo pakiti zinapotelea?

Angalia hatua zinazofuata. Kama ya 5 mpaka mwisho zinajibu vizuri, hiyo ya 4 imekataa tu kuijibu tracert, rauta kubwa nyingi zimewekwa hivyo. Hasara ya kweli ikianza mahali inaendelea mpaka mwisho.

Niko Dar, seva ya gemu iko Ulaya, ping haishuki chini ya 150 hata nifanyeje.

Hapo rauta haina kosa. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 100 tayari, kabla ya kifaa chochote njiani. Ikitokea kama 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini siku moja, kinachobaki kinazungushwa njia nyingine na ping inapaa nchi nzima. Kama gemu linaruhusu, jaribu seva ya Afrika Kusini.

Waya mpya, rauta mpya, ila napata Mbps 94 badala ya 200, na pakiti moja moja zinapotea.

Waya huo. Gigabiti (Mbps 1000) inahitaji nyuzi zote 8 za ndani ya waya, moja ikilegea inashuka mpaka 100. Kata vichwa ubane upya, ukichoka nunua waya wa Cat5e uliobanwa kiwandani.