Mboni Hufunguliwa Wodini, Si Mezani

Wenzangu mnaoanza kazi katika thieta za macho hapa Nairobi, mojawapo ya kazi za kwanza mtakazopewa huonekana ndogo, nayo ni kumtilia mtoto dawa ya matone ili mboni zipanuke kabla ya kukaguliwa macho akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Mimi pia niliiona ndogo. Mwezi wangu wa kwanza nilitia tone mojamoja mlangoni pa thieta, mtoto akalazwa, na daktari alipoinama na taa yake kichwani akakuta mboni bado nyembamba. Tulisimama kandokando ya meza dakika ishirini nzima, mtoto akivuta dawa ya usingizi kwa sababu ya haraka yangu. Hakuna aliyenikaripia, na kimya kile kiliniuma zaidi.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba rangi nzito ya macho ya watoto wetu huishika dawa na kuiachilia polepole, hivyo tone moja ambalo lingetosha jicho la buluu halitoshi hapa. Anzeni wodini, dakika arobaini au zaidi kabla ya zamu ya mtoto, mkirudia mara mbili au tatu kwa kupisha dakika tano hadi kumi kama daktari alivyoagiza, kisha mulikeni kwa tochi. Mboni inayosinyaa ikimulikwa haijawa tayari, hata kama ilionekana pana kwenye kivuli.

Hata hivyo, faili isomwe kabla chupa haijafunguliwa. Mtoto aliyeletwa kwa sababu ya weupe ndani ya mboni, ambaye anahofiwa kuwa na retinoblastoma, yaani saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huhitaji macho yote mawili yafunguke kabisa, kwa maana retina hukaguliwa mpaka ukingoni, na jicho linalodhaniwa kuwa zima halisamehewi. Mtoto wa glakoma, ugonjwa wa presha kubwa ndani ya jicho, ni habari nyingine: presha ya jicho hupimwa kwanza, mara tu anapolala, na iwapo atapasuliwa siku hiyohiyo daktari huenda akataka mboni ibaki ndogo. Msipoona maagizo, ulizeni.

Dawa tunazozitumia zaidi ni siklopentoleti, ambayo kwa wachanga hupunguzwa hadi asilimia 0.5, tropikamidi, na fenilefrini ya asilimia 2.5. Fenilefrini ya asilimia 10 isimkaribie mtoto. Tone moja la mililita 0.05 la ile ya asilimia 2.5 lina miligramu 1.25, la asilimia 10 lina miligramu 5, kiasi kinachoweza kupandisha presha ya damu ya mtoto mchanga hadi mapafu yakajaa maji. Someni tarakimu kwenye chupa, wala msiridhike na kifuniko chekundu, kwa sababu chupa zote mbili zinaweza kuwa nacho.

Mtoto anayelia na kukaza kope msishindane naye. Mlazeni chali mapajani pa mama, toneni kwenye pembe ya ndani ya jicho lililofumbwa, mngoje; akifumbua, dawa huteleza ndani yenyewe. Futeni inayotiririka shavuni, kisha bonyezeni pembe hiyo kwa pamba kwa dakika moja ili dawa isishukie puani na kuingia katika damu. Uso ukiwa mwekundu na wa moto, au moyo ukienda mbio, mwiteni daktari kabla ya tone linalofuata.

Andikeni jina la dawa, nguvu yake na saa, na mumwambie mtaalamu wa usingizi kwa mdomo pia, kwani yeye huzitazama mboni na kuhesabu mapigo ya moyo, na mboni pana asizoambiwa habari zake zitampa wasiwasi usio na sababu.

Mama naye aambiwe kwamba mboni huenda zikabaki wazi hadi kesho yake. Atatoka saa saba mchana, akielekea stendi ya matatu na mtoto mgongoni, na jua litakuwa kali. Kofia au leso ya kumfunika ataitafuta mapema akijua.