Wiki ya kuchokonoa vifaa nyumbani: pima umeme kwanza, kodi ya kompyuta baadae

Kama ndo unaanza haya mambo ya kuunga waya na kuandika kodi (yale maelekezo unayoipa kompyuta) nyumbani, kitu cha kwanza kutafuta sio bodi (kile kibao chenye chipu unachokiandikia kodi), ni mita ya kupimia umeme. Najua bodi ndo inavutia, ina taa, inaongea na simu, ila bila mita utakuwa unabahatisha tu. Wengi nnaowaona wanakata tamaa mapema sio kwamba kichwa chao hakiwezi kodi, kodi yao iko sawa kabisa, shida ni umeme haufiki unapotakiwa kufika, afu mtu anakesha anafuta na kuandika upya kitu ambacho hakina kosa lolote. Mimi kila wiki lazima kuna kitu nachokonoa, na vinavyogoma, mara nyingi sana unakuta ni waya, chaja, au pini isiyoshika.

Na usiogope kwa kuwa hukusomea umeme. Arduino yenyewe, bodi maarufu ya wanaoanza, ilianza 2005 kule Ivrea, Italia, ikitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao walikuwa hawajasomea elektroniki, kwahiyo vitu hivi vilifikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu kama wewe.

Sasa wiki inaendaje. Jioni za siku za kazi mtu umechoka, kwahiyo hapo weka kitu kimoja kidogo chenye mwisho unaoonekana: leo sensa isome joto, kesho isome na itume kwenye simu, keshokutwa iingie kwenye boksi. Wikiendi ndo ya kuchomelea, kufungua laptopu, na chochote kinachotaka meza nzima na mwanga wa mchana. Usianze kitu kingine kabla cha kwanza hakijafanya kazi hata kwa ubaya ubaya, maana waya zikishachanganyika mezani hutajua ipi ilikuwa ya nini.

Nichukue hiyo sensa ya joto maana ndo darasa zuri kuliko yote. Kuna hii ndogo yenye miguu mitatu inaitwa DS18B20, ipo pia ya kuzamisha kwenye maji imefungwa kwenye bomba la chuma. Miguu miwili ni ya umeme, hasi na chanya, wa tatu ni wa data, na kati ya data na chanya unaweka rezista (kile kidude kidogo cha kubana umeme) ya kilo-omu 4.7. Watu wanairuka hiyo rezista kwasababu inaonekana kama pambo. Sio pambo, kazi yake ni kuurudisha waya wa data juu pale ambapo sensa haiongei, bila hiyo waya unaelea tu na bodi haielewi kinachosemwa. Sasa angalia namba unazopata. Ukiona inakuandikia nyuzi -127 muda wote, hilo sio joto, ile programu inayotumiwa na wengi kusomea sensa hii inakwambia kwamba haijaipata kabisa, kwahiyo nenda kwenye waya na rezista. Ukiona 85 kamili, hiyo ndo namba ambayo sensa inaishika pale tu inapowashwa kabla haijapima chochote, maana yake imesomwa mapema mno au umeme wake unakatika katika inajiwasha upya. Yani namba mbili tu, na kila moja inakupeleka sehemu tofauti ya kuangalia. Mtu asiyejua hili anaanza kurekebisha hesabu kwenye kodi ili 85 ishuke.

Bredibodi, ile plastiki yenye matundu ya kuchomekea waya bila kuchomelea, nayo iangalie vizuri. Zile ndefu, baadhi yake mistari ya umeme pembeni imekatika katikati, nusu ya juu haijaungana na nusu ya chini, na kwa macho unaweza usione. Weka mita kwenye ile sehemu inayolia, gusa ncha moja juu na nyingine chini, isipolia unajua. Hiyo sehemu inayolia itumie kwa kila waya wa jampa (zile fupi za kuchomeka kwenye bredibodi) kabla hujauamini, maana hizi waya zinakatikaga ndani ya plastiki, nje ukiutazama mzima kabisa.

Na kuhusu mita kuna kitu kimoja nakisisitiza sana: waya mwekundu ukishautumia kwenye tundu la ampia 10, urudishe kwenye tundu la volti hapo hapo kabla hujaiweka mita pembeni. Ukiusahau kule afu ukaja kupima volti za betri, unakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na betri ya lithiamu haina masihara kwenye hilo.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Hizi bodi ndogo zenye waifai ndani za ESP32, na ile ya kabla yake ESP8266, zikirusha waifai zinavuta umeme kwa mshtuko, muda mfupi sana lakini mwingi, zinaweza kufika mamia ya miliampia. Waya wa USB ukiwa mwembamba au mrefu, volti zinashuka njiani, bodi inajizima na kujiwasha, afu inarudia hivyo hivyo. Dalili yake ni kwamba kila kitu kipo sawa mpaka pale inapotaka kuunganisha waifai. Ukikutana na hiyo usiguse kodi, badilisha waya kwanza, halafu chaja, halafu weka kapasita (kidude kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka) ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za umeme za bodi, ukiangalia upande wa hasi usije ukaigeuza. Mita ya kawaida hiyo mishtuko haiioni, ni ya polepole, itakuonyesha volti 5 safi wakati bodi inahangaika, ndo maana nasema badilisha waya hata kama namba inaonekana nzuri. Na kama kompyuta haiioni bodi kabisa, uwezekano mkubwa waya wako ni wa kuchajia tu, hauna zile waya mbili za data ndani. Ukiupata mzuri ufunge utepe wa rangi ujulikane, usichanganyike na za simu.

Raspberry Pi, ile kompyuta nzima kwenye kibao kidogo, ina afadhali maana inajisemea yenyewe: umeme ukishuka chini ya kama volti 4.63 inatoa alama ya radi kwenye skrini. Kama huna skrini, andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 upo salama, ikijibu namba nyingine anza na chaja. Pi 4 inataka volti 5 ampia 3, chaja ya simu ya zamani haiwezi hata kama tundu linaingia.

Volti 3.3 na volti 5 ni mambo mawili tofauti. Arduino Uno ni ya 5, ESP32 pini zake ni za 3.3. Sensa ya kupima umbali ya HC-SR04 inarudisha volti 5 kwenye pini ya Echo, kwahiyo hapo katikati weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka Echo na ya kilo-omu 2 kwenda hasi, kwenye makutano yao utapata kama 3.3, hiyo ndo unaipeleka kwenye bodi. Na kila ukiwa na vyanzo viwili vya umeme, hasi zao lazima ziungane, la sivyo havitaelewana kamwe.

Kuchomelea kunatisha mpaka pale utakapoelewa kitu kimoja: unapasha joto chuma, sio risasi (ule uzi laini unaoyeyuka na kuunganisha). Risasi ya 63/37 (bati asilimia 63, risasi halisi 37) inayeyuka nyuzi 183, lakini pasi ya kuchomelea unaiweka kwenye 320 mpaka 350 kwasababu joto linaondoka haraka ikigusa bodi. Gusisha ncha ya pasi kwenye mguu wa kifaa na kwenye duara la bodi kwa pamoja, subiri kidogo, halafu peleka risasi upande wa pili, sio kwenye pasi. Ikiwa sawa utaona yenyewe inakimbia inazunguka mguu, inakaa imeteremka pembeni na inang'aa. Ikikaa kama kidonge juu ya bodi, haijashika, hata kama mita inalia leo kesho itaachia. Ncha ya pasi ifute kwenye sponji yenye maji, ipake risasi mpya kabla hujaizima, itadumu sana. Fungua dirisha, moshi ule ni wa flaksi, dawa iliyo ndani ya risasi ya kuisaidia ishike, na sio mzuri kwa kifua, na ukimaliza nawa mikono kabla hujashika chakula.

Betri za 18650, zile za lithiamu za duara ndefu, nazipenda ila naziheshimu. Zikijaa ni volti 4.2, usizichomelee waya moja kwa moja, tumia kishikio. Ile bodi ndogo ya kuchajia ya TP4056 ipo ya aina mbili, yenye ulinzi na isiyo nao, chukua yenye ulinzi, na ujue kwa kawaida imewekwa kuchaji kwa ampia 1. Kama betri yako ni ndogo, ile rezista ya kilo-omu 1.2 iliyo juu yake ibadilishwe, ukiweka ya 2 umeme wa kuchaji unashuka mpaka kama miliampia 580. Wengi wanashangaa pia sensa yao ya betri haimalizi hata wiki mbili wakati waliambiwa ESP32 ikilala inakula kama mikroampia 10. Hiyo ni chipu peke yake. Bodi nzima ina taa, ina chipu ya USB, ina kipunguza volti, vyote vinakula, na bodi ikila miliampia 10 muda wote basi betri ya miliampia-saa 2500 inakwisha ndani ya masaa 250, siku kumi tu. Pima bodi ikiwa imelala ndo upange, usipange kwa maandishi ya dukani.

Umeme wa ukutani mgeni asiuguse. Tumia adapta iliyotengenezwa tayari na plagi ya waifai iliyotengenezwa tayari. Ndani ya adapta inayotumia volti 230 kuna kapasita yenye kama volti 325, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Huo ujuzi upo, ila jifunze ukiwa umekaa pembeni ya fundi.

Mwisho wa wiki, kama una laptopu ya zamani imelala kabatini, iamshe iwe seva ya mafaili, yaani kompyuta ya kuyatunzia ya nyumba nzima. Weka SSD (diski ya haraka), weka Debian (mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure), na kwenye ruta iwekee anwani isiyobadilika ili uipate kila siku pale pale. Ukifunika mfuniko italala, kwahiyo ingia kwenye faili la mipangilio la logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, uiwashe upya. Uzuri wa laptopu ni kwamba betri yake inaishikilia umeme ukikatika, ila igeuze mara moja moja uangalie kama tumbo limevimba, ikivimba itoe uipeleke panapopokelewa betri chakavu. Picha na nyaraka zako zikae seva, ziwe na nakala kwenye diski nyingine, na nakala ya tatu nje ya nyumba. Halafu jaribu kurudisha, maana watu wana nakala ambazo hawajawahi kuzifungua: chukua folda moja ya picha, ibadilishe jina kwenye seva kama vile imepotea, irudishe kutoka kwenye diski, fungua picha ya katikati na ya mwisho. Zikifunguka zote, panga huko kunakili kuwe kunajiendesha kwenyewe kila usiku na uangalie asubuhi kama kumepita.