Chaja ya laptopu na amplifaya ya volti 12

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ile bodi ndogo ya USB-C ya kuchukulia umeme kwenye chaja. Nimeiweka volti 12 niwashie amplifaya. Kwa chaja ya simu inakubali, lakini kwa chaja ya laptopu ya wati 65 inatoa volti 9 tu. Imeungua? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Bodi ni nzima. Yenyewe haitengenezi volti, inaomba tu. Chaja ndiyo inayoamua. Ngazi za kawaida za USB PD (utaratibu wa chaja na kifaa kukubaliana volti) ni volti 5, 9, 15 na 20. Volti 12 ni hiari ya mtengenezaji, na chaja nyingi hazina. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja: usipoona 12V, haipo.

Iweke bodi kwenye 15, kisha funga kipunguza volti katikati na ukirekebishe hadi 12. Kwa waya wa kawaida wa ampea 3 unapata kama wati 45, zinatosha amplifaya ndogo. (Wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya usiziamini sana.) Na kila ukibadilisha chaja, pima kwa mita kabla ya kuunga chochote.