Nimepata nafuu, niache dawa nikatafute kazi?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nilikuwa supavaiza kwenye kampuni moja. Nilianza kukohoa nikadhani mafua tu, mwisho nikapimwa nikakutwa na TB. Nikiwa bado naumwa mkataba wangu ukaisha na hawakuuongeza, wakasema watanipigia, mpaka leo kimya. Sasa nipo mwezi wa tatu wa dozi, kikohozi kimekata na mwili umerudi. Mke wangu ndo anabeba nyumba na kaka yangu analipa ada za watoto, yaani naona aibu hata kukaa nao mezani. Marafiki wakipiga simu sipokei. Nataka niache hivi vidonge maana vinanichosha, nikasake kazi. Pia kwenye CV niandike nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya hayo ya kazi tuongee dawa, maana hapo ndo umenishtua. Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina 4, halafu miezi 4 aina 2. Wewe ndo kwanza upo katikati. Hiyo nafuu unayoisikia ni kweli ila inadanganya, wadudu wengi wamekufa lakini wale wabishi bado wamejificha, ukiacha sasa hivi wanaamka na safari hii wanaweza kuwa sugu, hapo utarudishwa kwenye dawa nyingine kali zaidi na hiyo kazi utaisikia kwa wenzako. Kama vidonge vinakuchosha kawaambie kliniki, usijipunguzie mwenyewe. Mkojo kuwa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifampisini hiyo, mojawapo ya dawa zako za TB. Ila ukiona macho yanakuwa ya njano au unatapika mfululizo, nenda siku hiyohiyo.

Na hilo la meza sijalipenda. Wagonjwa wengi wakishatumia dawa zinazowafaa kwa wiki 2 hivi hawaambukizi tena, waulize kliniki majibu ya makohozi yako yanasemaje, na kama mkeo na watoto hawajapimwa wapelekeni. Wakikuambia upo salama, kaa mezani ule na watu wako! Aibu haijawahi kumponya mtu.

Sasa hawa watu wako. Unawaona kama wanakudai wakati wenyewe wanataka tu kujua wafanye nini. "Nisaidieni" tupu inamchanganya mtu, mpe kila mmoja kitu chake. Mkeo awe msimamizi wako wa dawa: unameza anakuona, anatia alama kwenye kadi, mmemaliza, hakuna hotuba. Lakini naye muulize amechokaje, maana mbeba nyumba huwa haulizwi, na kwa vile mwili umerudi zipo kazi za humo ndani unaziweza, zichukue bila kusubiri kuombwa. Kaka yako hahitaji asante kila siku, mwambie tu dozi inaisha lini na baada ya hapo umepanga nini, ili naye ajue anakubeba mpaka wapi. Marafiki pokea simu zao, anza na yule asiye na mdomo, umwambie ukweli halafu umpe kazi ndogo, mfano akusomee CV au akustue akisikia nafasi.

Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alishikwa na TB akiwa kijana, akalazwa karibu miaka 2, na padri Trevor Huddleston alikuwa akienda kumuona kila wiki na kumpelekea vitabu. Alitaka kuwa daktari, familia haikumudu ada, akawa mwalimu, na ualimu wenyewe akauacha kupinga sheria ya elimu ya kibaguzi. Nobel ya amani akaja kuipata 1984. Sikuambii utapata Nobel (ukipata unikumbuke), nakuonyesha tu kwamba hata yeye kuna mtu alikuwa anakuja kukaa pembeni ya kitanda chake.

CV usiandike ugonjwa, si mahali pake. Andika tarehe zako za kazi kama zilivyo, wakikuuliza hiyo miezi mitupu sema ulikuwa kwenye matibabu na sasa upo fiti kufanya kazi, basi, usimimine historia yote. Kuhusu kampuni, Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ila unazibana nchi zilizouridhia tu, na mkataba wako wa kazi kuisha si sawa na kufukuzwa, kwa hiyo kabla hujawaka mwonyeshe ofisa kazi au chama cha wafanyakazi karatasi zako. Na kwa bosi wako wa zamani kaombe barua ya utumishi wiki hii hii, wakati bado anakumbuka ulivyokuwa unapiga kazi.